FAILI LA KUFULI LINALOSALIA KATIKA DAFTARI LA KOMPYUTA

Katika vyama vya msingi ambavyo daftari la wanachama huwekwa katika programu ya Access na kutumiwa na makarani kadhaa kwa pamoja, huonekana kando ya daftari faili jingine dogo lenye jina lile lile, ila mwisho wake ni .laccdb, kwa madaftari ya mtindo wa kabla ya toleo la mwaka 2007, ni.ldb. Baadhi ya makatibu hulidhania kuwa ni takataka. Sivyo. Hilo ni faili la kufuli: hutokea mtu wa kwanza afunguapo daftari, huandikwa ndani yake jina la kila kompyuta iliyoingia, na hufutika mtu wa mwisho atokapo. Kazi yake ni kuzuia makarani wawili wasibadili kumbukumbu moja kwa wakati mmoja.

Hata hivyo huweza kusalia. Umeme ukikatika ghafla, au karani akizima mashine bila kufunga daftari, hapana wa kulifuta. Tena yuko karani aliyepewa ruhusa ya kuandika katika folda lakini akanyimwa ya kufuta. Huyo ataliacha kila jioni, na dawa yake iko kwa msimamizi wa seva.

La kutia wasiwasi ni lifanywalo baadaye. Daftari likikataa kufunguka, karani mwenye haraka hulinakili kwa jina jipya na kuendelea kupokea kahawa. Tangu saa hiyo chama kina madaftari mawili. Kilo za mwanachama zimo nusu huku na nusu kule, na siku ya malipo mkulima ndiye atakayehangaika na stakabadhi zake mkononi kudai jasho lake.

Yafaa basi katibu aanze kwa kuuliza ni nani yumo. Faili la kufuli likifunguliwa kwa programu ya maandishi ya kawaida, majina ya kompyuta husomeka. Lakini huenda jina la aliyekwisha kutoka bado limo, kwa hiyo ni dalili tu. Ushahidi uko katika seva, penye orodha ya mafaili yaliyo wazi. Wote wakiisha kutoka, ichukuliwe kwanza nakala ya akiba, ndipo faili la kufuli lifutwe. Kompyuta ikikataa kulifuta, yaelekea bado yuko mtu ndani, naye hana budi kutafutwa. Kisha itumike amri ya kubana na kutengeneza daftari, na kabla karani yeyote hajaandika tena, jumla ya kilo ilinganishwe na kitabu cha mizani cha siku ile.