Bidoni ya manjano na pua ya gari: tujifunze kupima umbali



Juma hili sitaandika juu ya masomo ya watoto. Nataka kuwaeleza habari ya bidoni moja ya manjano iliyonifundisha kuendesha gari upya, ijapokuwa permi nilikuwa nayo tangu miaka miwili.

Ilikuwa asubuhi, karibu saa moja, na nilikuwa nachelewa shuleni. Niliingia ndani ya gari, nikaangalia vioo, nikaona lango la parseli limefunguliwa na barabara ni wazi. Nikaondoa gari. Mara nikasikia kitu kinapasuka chini, paa! Bidoni ya lita 20 ilikuwa imepondeka chini ya gari, maji yakitiririka hadi barabarani. Mtoto wa jirani, wa miaka mine, ndiye aliachwa kuichunga wakati dada yake amerudi kutafuta bidoni ya pili. Kwa bahati, alikuwa amesogea hatua mbili pembeni kuokota kandambili yake.

Nilishuka miguu ikitetemeka. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: «Mwalimu, haukumuona?» Nikamjibu ukweli: sikumuona mtoto, na bidoni pia sikuiona.

Jioni bwana yangu alicheka, akasema wanawake hawajui kupima gari. Nikamwomba akae yeye kwenye volani. Nikasimamisha bidoni nyingine mbele ya gari, nikamwuliza iko umbali gani. Alinyoosha shingo, akaegama kushoto, akaegama kuume, akanyamaza. Yeye pia hakuiona.

Kwa nini hatuoni?

Siku ya posho nilichukua metre ya fundi nikapima. Nikikaa kwenye kiti, macho yangu yako sentimita 120 juu ya udongo. Mahali kapo inapoanza kuteremka ni sentimita 90 juu ya udongo, na ni sentimita 150 mbele ya macho yangu. Basi macho yangu yakipita juu ya kapo, mstari wake unashuka sentimita 30 katika sentimita 150, ni kusema sentimita 1 kwa kila sentimita 5. Ili mstari huo ufike chini, unahitaji mita 6 toka machoni. Pua ya gari iko mita 2 toka machoni. Inabaki mita 4 mbele ya gari ambazo udongo wake sioni hata kidogo.

Bidoni yenye urefu wa nusu mita inafichika yote ikiwa karibu kuliko mita moja na nusu mbele ya gari. Mtoto wa miaka mine, mwenye mita moja hivi, akisimama karibu na gari yetu nitaona kichwa chake tu. Akiinama kuokota kandambili, haonekani.

Gari ndefu za aina ya jeep zina hatari zaidi. Tuseme macho yako yako sentimita 150 na kapo sentimita 120: hata mtoto huyo akisimama wima mbele ya gari, humwoni. Ukikaa juu unaona mbali vizuri, lakini ya karibu yanakupita.

Mazoezi ya kufanya

Tafuteni uwanja usio na watu, na mmoja asimame pembeni, si mbele ya gari.

La kwanza ni kiti. Wengi wetu ni wafupi. Panda juu kadiri kiti kinavyoruhusu; kama hakipandi, weka mto mgumu usioteleza. Lakini usijisukume hadi kifua kiguse volani. Uacheni nafasi ya sentimita 25 au zaidi kati ya kifua na volani. Ukishapata kipimo chako, usikibadilishe, maana alama zote utakazojifunza zinategemea mahali macho yako yalipo.

La pili ni bidoni. Weka bidoni tupu mita kumi mbele. Sogea polepole mpaka ipotee nyuma ya kapo, simama, vuta freni ya mkono, shuka, uhesabu hatua toka kwenye pua ya gari hadi kwenye bidoni. Rudia mara tano. Hatua hizo ndizo nafasi usiyoiona.

La tatu ni ukuta. Sogea mpaka uone kama umebakiza mita moja, kisha shuka uangalie. Mara ya kwanza mimi nilifikiri karibu nigonge, kumbe zilibaki mita mbili na zaidi. Kapo inaficha udongo wa katikati, kwa hiyo kitu kinaonekana kama kimekwisha kutufikia. Ndiyo sababu wengi tunasimama mbali tukiegesha gari, na nyuma tunaziba njia.

La ine ni pembeni. Panga mawe madogo kwa mstari, sogea sambamba nayo, mwenzako akuambie tairi likiwa sentimita 30 toka kwenye mawe. Sasa angalia: mstari wa mawe unakata kapo mahali gani? Bandika hapo kipande kidogo cha karatasi ya kunata. Mfereji wa pembeni ya barabara utaupima kwa alama hiyo hiyo.

Volani ya kuume

Hapa kwetu Congo tunapita upande wa kuume, lakini magari mengi ya mashariki yanatoka Japani, yakipitia bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam, na volani iko kuume. Wewe unakaa upande wa mfereji na watu wanaotembea, nao unawaona vizuri. Upande wa kushoto, kunakotokea malori na wamotari, ndio ulio mbali na macho yako. Kwa hiyo fanya zoezi la mawe pande zote mbili. Na ukitaka kupita lori, usilisogelee. Ukikaa nyuma yake karibu, huoni kitu mpaka gari yako yote imekwisha kutoka. Baki nyuma kwa mbali ndipo barabara ionekane, na kama haionekani, ngoja.

Barabarani

Mkisimama kwa foleni, uone matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yakigusa udongo. Usipoyaona umekaribia mno. Kwa vilima vyetu vya Bukavu ongeza nafasi, kwani gari la mbele linaweza kurudi nyuma likiondoka.

Mkiwa mnatembea, usipime kwa mita, pima kwa kuhesabu. Gari la mbele likipita mti, sema polepole: «elfu moja na moja, elfu moja na mbili». Ukifika kwenye mti kabla ya kumaliza, punguza mwendo. Kwa kilometa 40 kwa saa, gari inakula mita 11 kila sekunde, na mguu haujafika kwenye freni. Mvua ikinyesha au njia ikiwa tope, hesabu hadi nne. Mkumbuke pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimamia baada ya kukanyaga freni inaongezeka mara nne.

Na langoni: gurudumu la nyuma halifuati njia ya lile la mbele, linakata kona. Ukipita nguzo, usikunje volani mapema. Vioo vya pembeni pia mara nyingi vimepinda kidogo, vinaonyesha vitu kama viko mbali kuliko vilivyo.

Lakini ndani ya parseli, hakuna alama ya karatasi itakayokuonyesha mtoto aliyeinama. Hapo dawa ni miguu: zunguka gari yote kabla ya kupanda, shusha kioo, uulize watoto wako wapi, ndipo uondoke polepole. Ni nusu dakika.

Nilimnunulia mama jirani bidoni mpya. Tulikubaliana kwamba watoto wa parseli wakisikia mota ya gari, wote wapande kwenye ngazi ya nyumba yake. Kila asubuhi ninawahesabu kwa sauti: ni sita. Juzi nilihesabu watano, nikazima mota. Wa sita alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, anafunga kamba ya kiatu.

Tuonane juma lijalo.