Nakshi Yatoka Istanbul, Fundi Yuko Gikomba

Zulia la msikiti huuzwa kwa mita. Hufika Eastleigh limeviringishwa kutoka Uturuki, limeshafumwa mistari ya safu na umbo la mihrabu mahali pa kila mwenye kuswali, na fundi wa Nairobi kazi yake ni kukata, kuunga na kubandika. Jirani, Pumwani, biashara ya nakshi za Kiislamu iko hivyo hivyo: kununua kwingi, kutengeneza haba.

Bidhaa zenyewe anazijua kila aliyewahi kuandaa sebule kabla ya Idi. Ayatul Kursiyu ndani ya fremu, saa ya ukutani yenye jina la Mwenyezi Mungu, miswala, mapazia mazito, vyetezo vya rangi ya dhahabu. Nyingi hupakiwa Uturuki au China katika kontena ambalo wafanyabiashara kadhaa wamechangia nafasi, zikateremshwa Mombasa, zikapandishwa Nairobi. Mzigo ukikwama bandarini hadi Idi ikapita, mtaji wa mwenye duka umelala. Ile michoro midogo ya masultani, farasi na wawindaji, fahari ya wachoraji wa Kituruki, si rahisi kuikuta: mteja wa Pumwani hapendi kutundika picha ya kiumbe mahali anaposwalia. Anataka maandishi na maua.

Kwenye karatasi, fundi wa ndani analindwa. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa forodha wa asilimia 35 kwa bidhaa ambazo ukanda huu unaweza kujitengenezea, zikiwemo nguo, kofia, samani na vyombo vya kauri, na Kenya huongeza VAT ya asilimia 16. Lakini tazama kofia. Ile ya kushonwa kwa mkono, tobo kwa tobo, humla mshonaji wiki kadhaa. Ya mashine, hata ikilipiwa kodi zote, bado humshinda kwa bei, na mzazi anayenunua kofia tatu za watoto wa madrasa halaumiki. Kumgombania mteja huyo ni kupoteza muda. Riziki ya fundi iko kwenye kazi ambayo haiwezi kungoja mnunuzi ghalani: mlango wa kipimo cha ukuta fulani, mimbari, ukanda wa maandishi unaozunguka kuba. Hapo mshindani wake si Istanbul, ni mashine ya kompyuta inayochonga mbao za MDF hapa hapa Nairobi kwa saa chache. MDF ikinywa maji huvimba, na msikiti ni mahali pa kutawadha.

Mikono ipo. Pumwani ilipimwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwahamishia Waafrika waliobomolewa vijiji vyao vya awali, na waliopewa viwanja, wengi wao Waislamu, wanawake wakiwemo, walijijengea nyumba wenyewe. Leo Gikomba, soko la jirani, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, Kamukunji kuna mafundi wa bati, na gereji za Eastlands zina wachoraji wa matatu ambao kalamu yao haitetemeki. Wachongaji hao wamezoea twiga na vifaru vya watalii, kwa hiyo watalii walipokatika mwaka 2020 patasi nazo zililala. Gharama nazo hazikutulia: marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyowekwa Februari 2018, ilipandisha bei ya mbao nchini, na moto haujaacha kulizuru soko la Gikomba, ule wa Juni mwaka huo uliua watu 15.

Mchonga twiga hufuata jicho. Mchonga nakshi hufuata bikari na rula, na kosa la milimita moja hujirudia ubao mzima. Hilo lina mafunzo yake, wala mifano haihitaji kuagizwa ng'ambo. Milango ya Lamu ipo. Ipo pia misahafu iliyonakshiwa Siyu, kisiwani Pate, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kazi ya waandishi wa pwani walioijua hesabu ya maua na mafundo vizuri kabisa.

Waturuki wenyewe hawakuiachia sanaa hii soko. Enzi za Waosmani wachoraji na wapambaji wa vitabu waliandikwa kwenye daftari la ikulu na kulipwa ujira wa siku. Herufi za Kiarabu zilipoachwa mwaka 1928, waandishi wa khati walikosa wateja ghafla. Chuo cha Sanaa cha Istanbul kikafungua idara ya sanaa za mapambo mwaka 1936, na daktari Süheyl Ünver akafundisha kizazi kipya kupaka dhahabu kwenye kurasa. Mwaka 1996 manispaa ya Istanbul ilianzisha kozi za bure za ufundi, İSMEK, na nakshi zikiwemo. UNESCO iliorodhesha uchoraji mdogo mwaka 2020 na upambaji wa vitabu mwaka 2023, lakini orodha hailipi mshahara wa mtu.

Ikulu ya Pumwani ni kamati ya msikiti. Ndiyo mnunuzi mkubwa, na ndiyo inayokosea ratiba. Harambee huanza na msingi, ikaenda kuta, ikaenda paa. Mapambo hukumbukwa mwisho, Ramadhani ikiwa mlangoni, na wakati huo kilicho tayari dukani ndicho pekee kinachowezekana. Mara nyingine mfadhili huja na ramani yake na mali yake kamili. Fundi anayehitaji miezi minne ya kazi, na nusu ya malipo mbele, hana nafasi katika hesabu hiyo, na kamati nayo huogopa kumpa pesa mtu asiye na ofisi.

Kwenye hofu hiyo ushirika una kitu ambacho fundi mmoja mmoja hana: unaweza kutia saini mkataba, kupokea amana benki na kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Kamati huenda isiijali ankara hiyo. Hoteli na mkandarasi wakiagiza nakshi wataijali, kwa sababu tangu Januari 2024 mfanyabiashara asiyekuwa nayo hawezi kuitoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi yake.