BILIONI NI NGAPI?

Neno "bilioni" si geni masikioni mwa watu wa Migori na Homa Bay. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, fedha za umma hutajwa kwa neno hilo barazani na redioni. Wengi hulisikia, lakini si wote waujuao ukubwa wake. Na asiyejua kiasi cha mali hawezi kumwuliza mwenye kuitumia.

Asili ya neno hili ni Ufaransa. Mwaka 1484 mtaalamu wa hesabu aitwaye Nicolas Chuquet aliliandika kwa maana ya milioni mara milioni, na Waingereza wakalipokea kwa maana hiyo. Baadaye Wafaransa walianza kuita elfu milioni kwa jina lilo hilo, na Wamarekani wakawafuata. Hivyo neno moja likawa na maana mbili: bilioni ya London ilishinda ile ya New York mara elfu. Mwezi wa Desemba 1974, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, aliliarifu Bunge kwamba serikali yake itafuata hesabu ya elfu milioni. Kenya nayo hufuata hesabu hiyo.

Basi bilioni moja ni laki elfu kumi, yaani moja yenye sifuri tisa nyuma yake. Mtu akihesabu shilingi moja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, atamaliza milioni kwa muda wa siku kumi na moja na nusu hivi. Bilioni itamchukua zaidi ya miaka 31.

Hata hivyo, ukubwa huo usimtie mtu kiwewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori. Bilioni moja ikigawanywa sawasawa, kila mtu wa Homa Bay hupata kama shilingi 883, na wa Migori kama shilingi 896. Kwa maana ya zamani ya Waingereza, kila mmoja angepata zaidi ya shilingi laki nane!

Katika mwaka wa fedha 2021/22, mgao wa Homa Bay kutoka serikali kuu ulikuwa karibu shilingi bilioni 7.8. Hizo ni kama shilingi 6,900 kwa kila mtu kwa mwaka mzima, nazo zilihitajiwa kwa dawa, barabara za mashambani, mishahara na mengineyo.

Kwa hiyo yafaa kila asikiaye bilioni ikitajwa barazani aigawanye kwanza kwa idadi ya watu, ndipo ashangilie au anung'unike. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.