Je, Wajua? Viumbe wa Mlima Mmoja

Je, wajua kwamba kuna wanyama na mimea inayopatikana katika mlima mmoja tu duniani kote? Viumbe kama hao wamo katika Tao la Mashariki, lenye safu 13 za milima, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania.

• Upepo wa Bahari ya Hindi huiletea milima hii mvua, ndiyo maana misitu yake ilidumu hata katika vipindi vya ukame wa kale. Nyanda kavu ziliitenga misitu hiyo kama visiwa, na viumbe wa kila mmoja wakabadilika kivyao.

• Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya asili yake ni milima hii, ikiwemo Usambara.

• Chura wa Kihansi huzaa watoto kamili, si viluwiluwi. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, pekee. Maji yalipopunguzwa na bwawa la umeme, idadi yake iliporomoka, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliopelekwa Marekani walizaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa porini Kihansi.

Msitu wa mlima mmoja ukifyekwa, viumbe wake hawana pengine pa kukimbilia. Tuulinde.