Samadi au Msimu? Hesabu Ndogo ya Mavuno



Mara nyingi twasikia barazani: "Mimi nalitia samadi mikarafuu yangu, na msimu uliofuata nikapata maradufu." Hatumkatai msemaji. Lakini kabla hujatoa fedha za samadi ya shamba zima, yafaa tuulizane: je, mavuno yale yaliletwa na samadi, au na jambo jingine?

Katika hesabu, kiasi chochote chenye kubadilika huitwa kigeu. Kile tunachokiweka sisi, au kinachokuja bila kukingoja kingine, ni kigeu huru. Kile kinachopimwa baadaye, ambacho kuongezeka na kupungua kwake kwafuata kile cha kwanza, ni kigeu tegemezi. Ukianika karafuu, siku za jua ni kigeu huru, na uzito ni kigeu tegemezi. Kilo 30 mbichi zikikauka vizuri hubaki kama 10. Jua ndilo lipunguzalo uzito. Hakuna aliyeona uzito ukilifukuza jua.

Lakini majina haya hayakubandikwa juu ya kitu milele, hutegemea swali. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi. Karafuu zikapungua sokoni na bei ikapanda. Hapo wingi wa karafuu ni huru, bei ni tegemezi. Sasa uliza jingine: bei ikiwa nzuri, mkulima huotesha miche mingapi? Hapo bei imegeuka kuwa huru, na miche ndiyo tegemezi.

Turudi kwenye samadi. Sote twajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: huzaa sana msimu mmoja, kisha hupumzika. Basi aliyetia samadi mwaka wa uhaba, na mwaka uliofuata ukawa wa neema, huisifu samadi kwa kazi ambayo mti ungeifanya wenyewe. Na aliyeitia baada ya mwaka wa neema huilaani bure. Msimu ni kigeu huru cha pili, kimejificha nyuma ya kile cha kwanza.

Njia ya kuvitenganisha si ngumu. Chagua mikarafuu 20 ya umri mmoja, penye udongo mmoja, uipange miwili miwili. Katika kila jozi rusha sarafu kuamua upi upate samadi. Usichague kwa macho, kwani mkono wa mkulima hupendelea mti mzuri, na sote tuna ugonjwa huo. Karafuu za kila mti zipimwe mbichi kwa mizani, mbali mbali, zisichanganywe magunia, na ziandikwe daftarini kwa misimu kadhaa.

Tuseme, kwa mfano tu, kabla ya samadi miti yote ilitoa kilo 10 kila mmoja. Msimu uliofuata yenye samadi ikatoa 20, na isiyo nayo ikatoa 19. Aliyetazama yenye samadi peke yake atasema amepata kilo 10 zaidi. Kumbe 9 ni za msimu, na samadi imeleta moja tu. Kilo hiyo moja mbichi, ikikauka, ni kama theluthi ya kilo: thamani yake ndiyo ya kuiweka kando ya bei ya samadi na ujira wa mchukuzi.