Tope la barabara yetu: tushike chombo gani?



Mvua imeanza. Kutoka Novemba mpaka mwezi wa tatu tuko na tope mingi hapa Kamatanda, na barabara ya masomo si ya Serikali: ni sisi wenyewe kuitengeneza. Juma lililopita kamyo ya unga ilikwama chini ya kilima. Tulibeba mifuko kwa kichwa, chakula kikachelewa mpaka usiku.

Wengine walisema: tukodi buldoza. Tulifikiri vizuri, tukakataa. Bei si ya mchezo, tena ile mashini inakwangua udongo mwekundu uliokwisha kushikamana. Barabara inashuka kuliko kando zake, na mvua inayofuata inaigeuza kuwa mto.

Basi tuchague hivi. Tope laini: jembe pana, mtu avute, asiinue. Mifereji: beche, sababu inakata ukingo sawasawa. Udongo uliokauka: piki kwanza, kisha jembe. Tope litoke kwa brueti na kumwagwa upande wa bondeni. Tukiliacha kando ya mfereji, mvua italirudisha. Halafu katikati ya barabara tuinue kidogo kwa changarawe, maji yaende kando.

Kazi ianze siku moja nyuma ya mvua. Mbele ya hapo tope linashika chombo. Tukikawia, linakuwa sawa tofali.

Adui si tope, ni maji. Mfereji kwanza! Salongo ni siku ya posho, saa kumi na mbili ya asubuhi. Kila chumba kilete majembe mawili.