Mpira chini ya sabufa: Kinga ya muziki au chanzo cha ajali?

KWA mkazi wa Bukoba, neno "mtetemo" lina uzito wake. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Mkoa wa Kagera, kitovu chake kikiwa upande wa Wilaya ya Missenyi. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Ipo mitetemo mingine, midogo na ya kila siku, ambayo wakazi wa Bilele na kata nyingine za Manispaa ya Bukoba huitengeneza wenyewe ndani ya nyumba zao. Hiyo ni ile inayotoka kwenye sabufa, ikapita mezani, ikashuka sakafuni na kumfikia jirani wa chumba cha pili akiwa amelala.

Ili kuidhibiti, wapenzi wa muziki hununua vifaa vya kuweka chini ya spika na mashine zao: miguu ya mpira, pedi za sponji, misumari ya chuma yenye ncha, hata vibao vizito vya mawe. Vipo vya bei nafuu na vipo vinavyouzwa kwa bei inayokaribia ya redio yenyewe.

Swali ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla ya kufungua pochi ni hili: je, kifaa hiki kinafanya kazi gani, na je, siku ardhi ikitikisika tena, kitaiacha salama spika iliyo juu yake?

Si kila mashine inahitaji kinga

Jambo la kwanza ni kufahamu ni mashine ipi inayoathiriwa na mtetemo. Simu, redio ya kawaida, king'amuzi na amplifaya ya kisasa havina sehemu inayosoma muziki kwa kugusa au kuzunguka. Kuviwekea miguu ya gharama kwa matumaini kwamba sauti itakuwa safi zaidi ni kutupa fedha.

Deki ya CD, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 1982 kupitia kampuni za Philips na Sony, husoma kwa mwanga wa leza. Ndani yake mna mfumo unaorekebisha mkao wa leza mara kwa mara na mwingine unaosahihisha makosa ya usomaji. Mtikisiko mkubwa unaweza kuifanya iruke, lakini mtetemo wa kawaida wa sebuleni hauisumbui.

Mashine ya santuri ni habari nyingine. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, iliyoletwa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948, huhifadhi muziki katika mfereji mwembamba ambao upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimeta. Sindano hutetema ndani ya mfereji huo, na mtetemo huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti.

Sindano haina uwezo wa kutofautisha mtetemo wa mfereji na mtetemo wa meza. Spika ikitikisa meza, sindano huudaka mtikisiko huo, amplifaya huukuza, spika huutoa tena ukiwa mkubwa zaidi, na mzunguko huanza upya. Matokeo yake ni ngurumo inayoweza kuharibu spika. Kwa hiyo, mwenye kuhifadhi santuri za wazee wake ndiye mwenye sababu ya kweli ya kutafuta kinga.

Sababu ya pili ya kweli ni sabufa. Hapa anayelindwa ni jirani pamoja na kuta.

Mpira ni springi

Wengi huamini kwamba mpira "humeza" mtetemo kwa sababu tu ni mpira. Ukweli ni kwamba mpira hufanya kazi kama springi, na springi hufaa pale tu inapobonyea vya kutosha chini ya mzigo iliobebeshwa.

Kila kitu kilichokalia springi kina kasi yake ya asili ya kucheza juu na chini. Mpira ukibonyea milimeta 10, kasi hiyo ni takriban mitetemo mitano kwa sekunde. Ukibonyea milimeta moja, ni takriban 16. Ukibonyea moja ya kumi ya milimeta tu, inafika 50.

Mtetemo wowote ulio chini ya kasi hiyo hupita kama ulivyo. Ulio karibu nayo hukuzwa. Kinga huanza kwa mitetemo inayozidi kasi hiyo kwa karibu mara moja na nusu. Ikizidi mara tatu, kinachopita hupungua hadi karibu moja ya nane, ingawa mpira halisi haufikii kiwango hicho kikamilifu.

Tuchukue besi ya mitetemo 40 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa sabufa. Ukiweka mpira uliobonyea milimeta moja, karibu moja ya tano tu ya nguvu hiyo itashuka sakafuni. Ukiweka kipande cha tairi la gari ambacho hakikubonyea hata kwa macho kuona, kasi yake ya asili inaweza kuangukia karibu na besi yenyewe, na mtetemo ukaongezeka badala ya kupungua.

Ndiyo maana kifaa kilekile kinaweza kusifiwa na mtu mmoja na kulaaniwa na mwingine. Mguu wa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya spika ya kilo 20 hautabonyea chini ya mashine ya kilo tano. Kifungashio kisichotaja uzito unaofaa hakimsaidii mnunuzi.

Jinsi ya kupima

Kipimo hakihitaji maabara. Chukua rula, pima kimo cha mpira ukiwa mtupu, kisha pima tena baada ya kuweka mashine juu yake. Usipoona tofauti yoyote, mpira ni mgumu mno au ni mpana mno kwa mzigo huo. Kuupunguza upana kunaweza kutosha, kwa kuwa kipande kidogo hubonyea zaidi.

Upo ukomo wake. Ni busara mpira usibonyee zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya unene wake. Kwa hiyo anayetaka milimeta moja atafute mpira wenye unene usiopungua sentimeta moja, laini kiasi, na avigawe vipande sawa katika pembe nne.

Sponji la godoro hujaribiwa na wengi. Tatizo ni kwamba likilemewa hushikana hadi chini na kupoteza uwezo wake wote. Aidha, sponji chini ya amplifaya huziba matundu ya hewa, na joto likikosa njia huua mashine. Sabufa ambayo spika yake inatazama chini nayo haipaswi kukalishwa juu ya sponji.

Misumari yenye ncha inayouzwa kwa ajili ya spika kubwa haizuii mtetemo. Kazi yake ni kuishika spika imara, hususan juu ya zulia, ili isiyumbe. Juu ya marumaru, hukwangua sakafu na kuacha mtetemo upite.

Angalia sakafu na ukuta

Nyumba nyingi za chini mjini Bukoba zina sakafu ya saruji iliyolala moja kwa moja juu ya ardhi. Sakafu ya namna hiyo ni nzito na haichezi mtu anapotembea. Mashine ya santuri iliyowekwa juu ya meza nzito, mbali na spika, mara nyingi haihitaji kingine chochote.

Katika nyumba ya ghorofa au yenye sakafu ya mbao hali ni tofauti. Hatua za miguu hutikisa sakafu polepole, mara chache tu kwa sekunde, na miguu ya mpira haiwezi kuzuia mwendo wa polepole kiasi hicho. Dawa yake ni rafu iliyofungwa kwenye ukuta imara.

Kwa jirani, fanya jaribio kwanza. Inua sabufa kwa muda uiweke juu ya mto, kisha nenda ukasikilize upande wa pili wa ukuta. Sauti ikipungua, mtetemo ulikuwa ukipita sakafuni na mpira utasaidia. Ikibaki vilevile, basi inapita hewani na kwenye ukuta, na hakuna mguu utakaoizuia. Iondoe sabufa pembeni mwa chumba, maana kona huikuza besi, kisha punguza sauti. Hatua zote mbili ni za bure.

Ikumbukwe kwamba suala hili linagusa sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitungwa kanuni mwaka 2015 za kudhibiti kelele pamoja na mitetemo.

Pale usalama unapogongana na usikivu

Hapa ndipo mkazi wa Kagera anapotofautiana na msikilizaji wa mji usio na historia ya matetemeko. Miguu laini huinua mashine na kuipa nafasi ya kuyumba. Mtikisiko wa ardhi huwa na mwendo wa polepole, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini ya mitetemo 10 kwa sekunde. Ni eneo lilelile ambalo miguu ya mpira haikingi, na inaweza hata kukuza.

Spika ndefu iliyosimama juu ya miguu minne laini, juu ya kabati, karibu na kitanda cha mtoto, ni hatari iliyotengenezwa kwa fedha ya mwenye nyumba.

Kanuni za kujikinga ni nyepesi. Kitu kizito kikae chini, kisipite kimo cha goti. Kifaa kirefu kisiwekewe springi wala mpira laini. Rafu iwe na ukingo wa mbele unaozidi unene wa miguu, na kabati lifungwe ukutani. Spika inayolazimika kukaa juu ifungwe mkanda unaolegea kidogo: legevu kiasi cha kuiacha icheze milimeta chache, mfupi kiasi cha kuizuia isifike ukingoni.

Mashine ya santuri nayo inaweza kupata vyote viwili. Iweke juu ya ubao mzito na mpana, ubao ukae juu ya vipande vinne vya mpira vilivyopimwa, na vyote viingie ndani ya rafu yenye ukingo. Uzito wa ubao huufanya mpira ubonyee inavyotakiwa, na upana wake huzuia kupinduka.

Kwa ufupi, anayekwenda dukani aende akiwa na majibu matatu: uzito wa mashine yake, aina ya sakafu yake, na kitu gani kitakachoizuia isianguke. Muuzaji asiyeweza kusema kifaa chake kinabeba kilo ngapi hana sababu ya kulipwa zaidi ya bei ya mpira wenyewe.